Mtu wa Kilwa Asiyejua Kuloba

Ukitaka kuona jinsi watu wasivyosikia, nenda Lubumbashi useme unatoka Kilwa, ile ya ziwa Mweru, si ya pwani, kisha useme hujui kuvua samaki. Watacheka. Watakupiga bega. Watasema, "Uyu anajificha!" Mimi niliusema ukweli huo tangu wiki niliyoshuka kwenye lori pale Kamalondo. Niliusema kwa Kiswahili, nikausema kwa Kifaransa, nikamwapia mwenye nyumba wangu kwa jina la Bikira Maria, na hakuna aliyenisadiki. Kwao mtu wa Kilwa anazaliwa na ndobo mkononi. Ndobo ni ndoana, na kuvua kwa ndoana wanaita kuloba.

"Weye mutu ya ziwa," mwenye nyumba aliniambia. Alikuwa mama mjane aliyeuza munkoyo mbele ya ua wake, kile kinywaji cha mahindi kinachotaka kukaa usiku mmoja ndipo kipate ukali. "Weye uliloba tangu mu tumbo ya mama yako."

"Mama, miye sijui."

"Ehee! Ndiyo maneno ya balobi bote. Mutu anayejua kitu hajisifu."

Ukweli wenyewe ni huu. Kabla sijazaliwa, mama yangu alimpoteza kaka yake katika ziwa Mweru. Akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayetia mguu katika mtumbwi, na baba, aliyekuwa katekista, akaitikia amina. Watoto wenzangu walikuwa wakirudi jioni wananuka ziwa, mimi nilikuwa ndani nakariri nyimbo za Kilatini. Nilipofika umri wa shule nikapelekwa kwa mapadri, mbali, bara, mahali ambapo maji yalikuwa ya kisima tu. Samaki nilimjua vizuri sana, akiwa kwenye sahani. Na mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Kila aliyeniita mlobi mkubwa nilitamani kumrushia kiatu.

Ilikuwa ule wakati Katanga imejitenga na Kongo, ina bendera yake na wimbo wake, na njia ya kwenda kwetu leo iko wazi, kesho imefungwa, keshokutwa hakuna anayejua. Nilipata kazi ya ukarani katika depo ya sabuni. Nikawa nanukia vizuri mchana na jioni, na kwa muda nikadhani maisha ya mjini ni hayo tu. Kisha suruali yangu ikachanika.

Nyuma ya barabara yetu alikaa fundi wa nguo, mzee aliyetoka jimbo la Kasai akiwa kijana na watoto wake wote wakazaliwa pale pale Kamalondo. Cherehani yake ilikuwa barazani, na pembeni alikaa binti yake mkubwa akitia vifungo. Nilileta suruali, binti akautazama ule mchaniko, akanitazama na mimi, akauliza kama niliipigania na mbwa. Basi, nikaisha. Wiki iliyofuata nilirudi na suruali ile ile, nikasema ni ndefu, ipunguzwe. Wiki nyingine nikasema bado ni ndefu. Mzee alipunguza bila kuuliza neno. Mwishowe yule binti akaipima kwa macho, akasema, "Kaka, ukiendelea kutupenda, utaenda kazini na kaptura."

Tulicheka sana siku ile, na tangu siku ile nikaacha kutafuta visingizio.

Lakini siku zenyewe hazikuwa za kucheka. Ule wakati mtu wa Kasai alikuwa anaambiwa barabarani, mchana kweupe, arudi kwao, kwamba Katanga si yake. Jirani aliyekuwa akiomba moto wa kupikia sasa alikuwa anapita akitazama upande mwingine. Wateja wa mzee walipungua, kisha mawe yakaanza kuanguka juu ya bati. Mzee akaamua. Kabla ya mvua ya kwanza angeipeleka familia yake kambini, kule wenzao walikokwisha kukusanyika, na kutoka kambini malori na treni zingewapeleka Kasai. Binti yake alikuwa hajawahi kukanyaga Kasai hata siku moja. Kama angekwenda, nisingemwona tena, na kama angebaki, ilikuwa sharti abaki kwa mume. Nililijua hilo vizuri kama ninavyolijua jina langu, na lilikuwa linaninyima usingizi.

Desturi inataka ukapose ukiwa na wakubwa wako. Wakubwa wangu walikuwa ng'ambo ya njia iliyofungwa. Kwa hiyo nilimwomba mama mwenye nyumba asimame mahali pa mama yangu. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akajipaka mafuta, tukaenda. Yeye hakuwa mtu wa Kasai, lakini alikuwa hana mawe ya kumrushia mtu. Na alikuwa na ulimi, jamani, ulimi usiokuwa na breki.

"Mutoto yetu ana kazi," akasema. "Anasoma Kifaransa. Halewi. Na zaidi ya yote, iko mulobi mukubwa wa Kilwa!"

Nikamfinya. Akausogeza mkono wangu kama anafukuza nzi.

"Ah bon?" mzee akasema. Akavua miwani, akanitazama kwa makini. "Kwetu mukwe analeta mbuzi. Lakini siye tunaenda, mbuzi nitaitia wapi? Nitaifunga mu lori? Basi, uyu iko mutu ya ziwa. Alete samaki. Moja tu inatosha. Lakini alobe ye mwenyewe, na ifike apa inapumua."

"Papa," nikasema, "kwa kweli, miye sijui kuloba."

Wakacheka wote. Hata mama wa binti, ambaye kwa sheria ya ukwe hakupaswa kuonana nami na alikuwa amekaa nyuma ya pazia, nilimsikia akisema, "Mutoto wa heshima!" Mzee peke yake aliacha kucheka mapema. Akasema polepole, "Sikia. Miye namuacha mutoto yangu mu inchi inasema yeye haina yake. Njia zinafungwa, maduka yanafungwa. Nataka kuona kama mutu atakayebaki naye anajua kumutafutia chakula na mikono yake. Ni ile tu."

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Nikasema, "Ndiyo, Papa."

Pale langoni binti alinipita akiwa na ndoo ya maji. Hakusimama, ila alisema chini kwa chini, "Loba, weye. Ukikawia, nitaloba miye mwenyewe, nikuoe."

Upande wa njia ya Kasapa kulikuwa na shamba la Mzungu mmoja aliyekimbia siku za mwanzo za fujo, na shambani mle kulikuwa na bwawa. Alikuwa ameufunga mto mdogo kwa ukuta wa udongo, akapanda nyasi nzuri kando, akasimamisha kibao kwa Kifaransa kwamba kuvua blakibasi, samaki aliyeletwa na Wazungu, ni kwa wageni walioalikwa tu. Mimi hakuna aliyenialika. Lakini aliyepaswa kualika alikuwa Bulaya, kwa hiyo nikajialika. Nilinunua mshipi na ndobo katika duka la Mgiriki, nikakata mwanzi, nikachukua kizibo cha chupa kiwe chelezo. Jioni yangu ya kwanza ukingoni nilijikuta nimetia ndobo katika kofia yangu, katika nyasi, katika kibao cha Mzungu, na mwishowe katika kidole changu mwenyewe. Majini haikufika.

Nilipomweleza mama mwenye nyumba kuhusu samaki wa Wazungu, alishika kiuno. "Blaki basi? Ujaanza kazi, unasema basi?"

Minyoo nilichimba nyuma ya choo. Niliiweka katika kopo la maziwa, na kopo nikaliweka chini ya kitanda ili kuku wasiifikie. Nilirudi kila jioni na matope mpaka magotini, na mwanzi begani, sisemi na mtu kwa ajili ya hasira. Majirani wakaanza kunong'ona. Mtu anayetoka jioni peke yake, anayefuga minyoo chini ya kitanda, anayeongea peke yake njiani, huyo mnamwitaje? Siku moja mtoto mdogo wa jirani aliniona, akakimbilia kwa mama yake akilia, "Muloji anakuya!"

Mulobi ni mvuvi, muloji ni mchawi. Kati ya maneno hayo mawili kuna herufi moja tu, nami nilikuwa nimeisha kuivuka. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akamwaga munkoyo. "Na uloge basi ule samaki, mutoto yangu, ju kuloba kumekushinda!"

Mwishowe kizibo kilizama. Nilivuta kwa nguvu za mtu anayeng'oa mti, na samaki akaruka juu ya kichwa changu, akaangukia nyasi nyuma yangu. Alikuwa na urefu wa kidole. Kidole, nasema, tena si kile kirefu. Lakini alikuwa anapumua! Nilimtia katika kopo la maji, nikakimbia naye mpaka Kamalondo, kopo limefunikwa kwa kiganja changu. Nikaliweka juu ya cherehani.

Mzee alishusha miwani. Alichungulia ndani ya kopo muda mrefu. Binti yake alichungulia vilevile, akauma midomo ili asicheke.

"Iyi njo mutoto," mzee akasema. "Mama yake iko wapi?"

Nilirudi bwawani kesho yake na hasira ambazo zingeweza kuchemsha maji yale. Sasa angalau nilijua kupata wadogo. Nikapata mwingine wa kidole, na nilipokuwa namvuta polepole kuja ukingoni, kitu kikatoka chini ya nyasi. Sikukiona sawasawa. Niliona kinywa tu, na kinywa chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko ngumi yangu. Kikafunguka, kikafungwa, na mshipi wangu ukakatika. Maji yakatulia kama hakuna kilichotokea. Nikakaa chini pale pale kwenye matope.

Kumbe ndiye huyo! Kumbe mama mtu hataki minyoo ya nyuma ya choo, anataka watoto wa wenzake. Nikanunua mshipi mnene zaidi. Nikawa nawavua wadogo kwa minyoo, kisha namtia mdogo mmoja kwenye ndobo akiwa hai, nangoja. Nilingoja mpaka nikachoka. Yule mwenye kinywa alikuwa ameshiba, au alikuwa amelala, au alikuwa ananicheka na yeye. Barabarani malori ya kambi yalikuwa yameanza kupita, yamejaa magodoro na masufuria na watu waliokaa juu. Kila lori lililopita nilitazama kama kuna cherehani juu yake.

Jioni moja binti aliniambia kwamba baba yake amekwisha kuacha kupokea nguo za watu. Alikuwa anamaliza zile zilizobaki. "Akimaliza, tunafunga," akasema, na safari hii hakutania.

Siku iliyofuata nilikwenda bwawani, nikakaa, nikatia ndobo, nikangoja, na hakuna. Basi, hasira zikanipanda. Niliushika mwanzi mwingine, ule mnene niliokuwa nautumia kujishikilia kwenye matope, nikaanza kuyapiga maji. Tumpu! Chukua! Tumpu! Na wewe, Mzungu uliyemtia majini, chukua! Nilipiga na kutukana kwa lugha zote nilizofundishwa na mapadri na zile ambazo hawakunifundisha. Na katikati ya matusi yangu, mbele ya fimbo yenyewe, maji yakapasuka, na yule samaki akaupiga ule mwanzi kwa kichwa. Akaupiga kweli! Kisha akapotea.

Nilisimama kinywa wazi. Kwetu Kilwa wavuvi hupiga maji. Wanaita kutumpula. Wanatega wavu mahali pasipo na kina, halafu wanapiga maji kwa mti wenye kikombe cha chuma nchani, mlio unakwenda chini, samaki wanaogopa, wanakimbia, wanaingia wavuni wenyewe. Nilikuwa naisikia ile milio nikiwa mtoto, kupitia dirishani, nakariri Kilatini changu. Kazi yake ni kufukuza samaki. Hakuna mtu mwenye akili anayetumpula bila wavu, na ndobo inataka ukimya, hilo hata mimi nililijua. Lakini huyu samaki wa ng'ambo hakuwa amefundishwa kuogopa kutumpula. Yeye akisikia kelele juu ya maji anafikiri ni chakula, au ni adui, na yote mawili anataka kuyauma.

Nikapata kopo la nyanya, nikalipigilia kwenye ncha ya mti. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Baada ya misa nilitoka moja kwa moja kwenda bwawani bila kula. Nikamtia samaki mdogo kwenye ndobo, nikauchomeka mwanzi ukingoni, nikashika mti wangu, nikapiga. Mlio wake sikuutegemea. Uligonga ukuta wa udongo, ukarudi, ukaenda mpaka kwenye miti. Bumm. Nikafurahi. Nikapiga tena. Bumm. Bumm.

Sasa fikiri wewe. Mji wote ulikuwa unaishi masikio juu. Mlango ukijibamiza, watu wanalala chini. Na mimi niko shambani kwa Mzungu aliyekimbia, napiga bumm baada ya bumm, na furaha yangu yote. Niliposikia nyasi zinachakarika nyuma yangu nilidhani ni mbuzi. Nikageuka. Walikuwa wanajeshi, majandarme wa Katanga, wameinama, bunduki mbele.

"Mikono juu! Nani iko napiga mizinga apa?"

Niliinua mikono. Mti wa kutumpulia ukainuka pamoja nayo, kopo la nyanya limening'inia juu ya kichwa changu. Koplo aliyewaongoza alilitazama lile kopo. Alikuwa kijana wa umri wangu, mnene kidogo, kofia ya chuma imemfunika mpaka nyusi.

"Unafanya nini?"

"Natumpula, shefu."

"Una... nini?"

"Natumpula."

Akashusha bunduki. Akatazama maji, akatazama mkono wa kulia na wa kushoto. "Na wavu iko wapi?"

"Hakuna wavu, shefu. Niko naloba."

Ee Mungu wangu, yule kijana alicheka. Alicheka mpaka kofia ya chuma ikaanguka na kubingirika hadi majini, na mwenzake mmoja ikambidi aifuate. "Anatumpula na ndobo! Weye ni mutu ya wapi?"

"Ya Kilwa."

"Aah! Nilijua!" Akapiga paja. "Miye ni mutu ya Pweto. Tunasemaka siku zote, watu ya Kilwa banatumpula mvua ikinyesha, banafikiri ni samaki!"

Nilikasirika, bunduki au si bunduki. Nikamwambia kwamba Pweto wanamla samaki mbichi kwa sababu hawajui kumpika. Akacheka zaidi. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua mti wangu, akaupima uzito, akaijaribu ncha yake juu ya maji. "Na tena unapiga vibaya. Unapiga sawa mutu anafua nguo. Angalia."

Akapiga. Mlio wake ulikuwa mwingine kabisa, mzito, wa chini, na baada ya ule wa kwanza akapiga mwingine, na mwingine, na uso wake ukabadilika. Hakuwa ananitazama tena. Aliniambia, bila kugeuka, kwamba tangu avae zile nguo za jeshi hajafika kwao, na mama yake hajui kama yu hai. Halafu akaendelea kupiga.

Kizibo kikazama.

"Mamaaa!" nikapiga kelele. Nikaurukia mwanzi. Yule samaki akatoka majini mzima mzima, akatikisa kichwa kama anakataa jambo, akarudi ndani kwa kishindo. Mshipi ukanikata kiganja. "Usiachilie!" koplo anapiga kelele. "Rudi nyuma! Nyuma, weye!" Nikarudi nyuma, nikapanda ukingo kinyumenyume, nikamburuta mpaka kwenye nyasi nzuri za Mzungu, na alipoanza kuruka kurudi majini nilimwangukia kwa tumbo. Nililala juu yake nikiwa na shati langu la Jumapili. Nilimsikia anapiga moyo chini yangu, au ulikuwa moyo wangu.

Mgongo wake ulikuwa wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na kinywa ndicho kile kile. Koplo alisema hajaona samaki wa sura ile ziwani kwetu. Akasema vilevile kwamba katika kopo langu atakufa kabla ya Kamalondo, na akamtuma mwenzake alete ndoo kubwa ya jeshi. Nilikuwa nimemweleza habari ya posa na sharti lake. "Panda jeep," akasema. "Samaki ya ukwe haitembei kwa miguu."

Nilikaa nyuma, ndoo kati ya magoti yangu, maji yananimwagikia, na niliimba. Naam, niliimba Kilatini. Nilijiona natua mbele ya baraza ya mzee kwa gari, kama mtu mkubwa. Tulipoingia barabara yao niliona watoto wanakimbia, nikadhani wanakimbilia kutuangalia. Walikuwa wanakimbilia ndani. Milango ikafungwa, mmoja, mwingine, mwingine. Jeep ikasimama.

Mzee alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Mkono mmoja ulishika mkasi wake wa kazi, mwingine ulishika mwimo wa mlango, na mwili wake mwembamba ulijaribu kuujaza mlango wote. Nyuma yake niliona mafurushi yamekwisha kufungwa. Nilisikia mama akiwanyamazisha watoto, na mmoja akilia kwa sauti ya kuzibwa mdomo. Furaha yote ikanitoka. Kumbe wao waliona jeep ya majandarme tu, na katika siku zile jeep kama ile mbele ya mlango wa mtu wa Kasai haikuleta habari njema. Niliona aibu, nikabaki nimekaa na ndoo yangu.

Koplo alielewa kabla sijasema neno. Alitazama yale mafurushi, akanitazama mimi. Sikuwa nimemwambia kwamba mkwe ni mtu wa Kasai, na hakuuliza. Akaiacha bunduki kwenye kiti. Akavua kofia. Akaichukua ndoo kutoka kati ya magoti yangu, akaenda nayo mpaka barazani, akaiweka chini kwa mikono miwili, kama tunavyoweka kitu mbele ya mkubwa.

"Papa," akasema, "samaki ya mukwe yako. Aliiloba ye mwenyewe. Miye niko shahidi."

Mzee akauweka mkasi juu ya cherehani, akapiga goti moja, akachungulia. Samaki alikuwa anazunguka ndani ya ndoo, anafungua na kufunga kile kinywa chake.

"Iko inapumua," mzee akasema. "Lakini iyi samaki sijaionaka. Ni ya Kilwa?"

"Hapana, Papa," nikasema. "Bazungu njo baliileta. Ilitoka mbali sana, ng'ambo."

"Na ilizaa umu mu mayi yetu?"

"Ilizaa sana, Papa."

"Bana yake banazaliwa apa?"

"Apa apa."

Akatikisa kichwa polepole. Akamtazama koplo, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa. "Na hakuna mutu anaiambia irudie kwabo?"

Koplo alitazama viatu vyake. Jirani mmoja aliyekuwa amefungua mlango kidogo akaufunga tena. Mzee alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akaita ndani kwamba moto uwashwe, kuna wageni.

Binti akatoka. Alikuwa amevaa nguo ya safari, kitambaa kimefungwa kichwani, na macho yake yalikuwa yamevimba. Nilimngojea atanie. Hata neno moja juu ya shati langu lililojaa magamba lingenitosha. Hakutania. Alimtazama baba yake, akamwambia, "Papa, banasema siye turudie kwetu. Miye nilizaliwa mu ile chumba. Kasai sijaiona ata siku moja. Kwetu njo wapi?"

Mzee alimshika mtoto wake bega. Kisha akanyoosha mkono, akanionyesha mimi kwa kidole.

"Kwenu njo kwa uyu," akasema.

Naye akaingia ndani kusaidia kuwasha moto. Binti akaja, akasimama karibu yangu, akalia. Sikujua pa kuiweka mikono yangu, ilikuwa inanuka samaki na kiganja kinavuja damu. Nilikuwa mgeni katika mji ule, nina kitanda cha kupanga na kopo la minyoo chini yake. Na mzee alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mimi ndiko kwao binti yake.